Karavani la Mgiriki Limekwama Mikumi

BEDA: Haloo, stesheni ya Kilosa hapa. Nani mwenzangu?

GENEROZA: Naomba kuongea na karani Beda.

BEDA: Ndiye huyu. Paza sauti, laini inakwaruza.

GENEROZA: Baba Verdiana, ni mimi.

BEDA: Wewe nani? — Gene? Si mmeshavuka Iringa saa hizi?

GENEROZA: Tuko Mikumi tangu juzi mchana. Lupakisyo wa stesheni kanipa simu, kasema dakika chache tu. Treni ya kutoka Kidatu kuja huko iko njiani.

BEDA: Hii simu ya kazi, mama. Kidatu nao wanasikia. Kuna nini, unaumwa?

GENEROZA: Siumwi. Karavani limepasuka tairi. Mbili, za upande mmoja.

BEDA: Nilijua. Linyumba lote lile, ekseli mbili, magurudumu manne, likokotwe na Landrova moja kwenye mashimo yale. Nilimwambia hata stesheni masta—

GENEROZA: Ulimwambia stesheni masta mkeo anakwenda nchi za nje kulala kwenye nyumba inayotembea. Na wapagazi ukawaambia.

BEDA: Nilisema anakwenda Malawi na Bwana Stavro na mkewe, wiki tatu, kupiga kambi ziwani na kumwangalia binti yao Eleni. Kuna uongo hapo?

GENEROZA: Verdiana hajambo?

BEDA: Hajambo. Yuko kwa mama. Jana kagoma uji, kasema anautaka wa kwako. Mama kamwambia basi, ushinde na njaa. Akaula.

GENEROZA: Usinichekeshe. Nisikilize kwanza.

BEDA: Nakusikiliza.

GENEROZA: Jeki ilishindwa kuinua. Fundi akasema hawezi kitu mpaka mzigo wote ushushwe. Tukashusha mimi na Mama Eleni, tukautandaza kwenye turubai.

BEDA: Mzigo gani wa kuishinda jeki? Mtu wa kambi ana hema na sufuria mbili.

GENEROZA: Cherehani.

BEDA: Cherehani?

GENEROZA: Ile ya miguu. Na picha za watakatifu zilizokuwa ukutani, zote, zimefungwa kwenye mablanketi. Na gauni lake la arusi.

BEDA: Wazungu wana mambo yao. Huenda—

GENEROZA: Na picha ya Nikola.

BEDA: Ya marehemu? Mtoto wao yule?

GENEROZA: Ile ya kigae. Iliyojengewa kwenye jiwe la kaburi lake, hapo Kilosa. Nilidhani sahani nikaifungua. Imebanduliwa kwa patasi, saruji bado iko nyuma. Haloo? Upo?

BEDA: Nipo. Mama Eleni alikuona?

GENEROZA: Aliniona. Akaichukua mkononi mwangu, akaifunga tena. Hakusema neno, na mimi sikuuliza.

BEDA: Na hapa usiseme. Hii laini ina watu.

GENEROZA: Sijasema kitu. Nasema watu wako likizo.

BEDA: Ndiyo. Likizo. Asubuhi ile mlipoondoka, mpishi wao aliniletea mbwa. Na mnyororo wake, na bakuli. Nikamwambia wiki tatu si nyingi, nitamtunza. Akaniambia Bwana kasema nikitaka nimbadilishe jina.

GENEROZA: Hukuniambia.

BEDA: Mlikuwa mmeshaondoka. Na mimi nilifurahi, mbwa mzuri yule. Sikuwaza.

GENEROZA: Tangu serikali ichukue mashamba ya mkonge Bwana hakuwahi kucheka. Tunaondoka, akawa anacheka njia nzima. Hata tairi zilipopasuka alicheka.

BEDA: Na wewe wamekwambia nini? Wewe mwenyewe?

GENEROZA: Mama Eleni kaninunulia koti. La sufu, zito, linafika magotini.

BEDA: Ziwani kule ni joto.

GENEROZA: Ndivyo nilivyomwambia. Akasema huko mbele kuna baridi. Nikamuuliza mbele wapi, akasema Eleni hawezi kulala bila mimi.

BEDA: Pasi yako ya kusafiria anayo nani?

GENEROZA: Bwana. Kwenye mkoba wake.

BEDA: Iache hukohuko. Nguo ziache, koti liache. Gene, mimi ndiye niliyekusukuma. Ulisema hutaki, nikakwambia usiwe mshamba, nenda ukaone ya wenzako. Nilitaka kujisifu. Ninaona aibu.

GENEROZA: Nina hasira na wewe, sikufichi. Ila hizo utazisikia siku nyingine. — Ndiyo, kaka Lupakisyo, namaliza. — Tairi zimeshapatikana. Wanapakia. Saa tano wanaondoka.

BEDA: Na treni inafika hapo saa nne na nusu.

GENEROZA: Najua.

BEDA: Basi kata tiketi. Kama huna hela mwambie Lupakisyo nitamrudishia mimi—

GENEROZA: Tiketi ninayo. Nilikata kabla sijakupigia.

BEDA: Sasa... [laini inakwaruza] ...ulipiga kuniuliza nini?

GENEROZA: Eleni nimemwacha kwenye turubai. Nimemwambia nakwenda kununua machungwa, akasema nimletee lisilo na mbegu. Miaka minne, Beda. Wa kwangu nimemlea nikirudi jioni. Huyu ndiye aliyekuwa nami mchana kutwa.

BEDA: Najua.

GENEROZA: Hujui. Mguu mmoja unataka kwenda kumuaga. Toka hapa ni hatua mia mbili, naliona karavani lenyewe. Na nikienda atanishika sketi, na mama yake ataniangalia vile, na mimi najijua. Nitapanda.

BEDA: Gene—

GENEROZA: Ndiyo maana nimekupigia. Niambie nisiende kumuaga. Niambie wewe, ili siku nikiumia niwe na wa kumlaumu.

BEDA: [kimya]

GENEROZA: Beda, Lupakisyo anataka simu yake.

BEDA: Usiende kumuaga. Umesikia? Kaa hapohapo stesheni. Geuka, usiangalie kule. Nilaumu mimi.

GENEROZA: Haya. Nimesikia. Mwambie Verdiana asile uji wa jioni, anisubiri. — Shika, kaka, asante.

BEDA: Gene? Usikate, subiri kidogo— [laini inakwaruza] ...Ndiyo. Kilosa hapa. Ndiyo, Bwana Lupakisyo, nimekupata. Hapana, hakuna treni mbele, njia iko wazi. Ilete.