Soketi ya Meza ya Baba

Ndani ya basi, mama mmoja alimuuliza binti aliyekaa naye mbona mnyonge. Siku hizi ukiuliza hali unapewa ramani.

"Nachora nyumba kwa kompyuta, mama. Ya baba niliichora mwenyewe. Taa yake na soketi nilizibandika kwenye meza ya kusomea, na kwenye programu ile, kilichobandikwa mezani huenda na meza. Nikaifuta meza nimwekee kubwa zaidi. Taa na soketi zikafutika nayo bila mimi kuona, na fundi umeme akafuata mchoro."

"Si mpasue ukuta?"

"Hataki. Anasema nyumba aliyochora mwanawe haipasuliwi."

"Sasa anasomaje?"

Basi likasimama. Binti akachukua mkoba wake.

"Anahamisha kiti, mama, akifuata jua. Eti anapenda joto."