Gololi ya Milimita Tano

Wasikilizaji wapendwa, kabla hatujafika mbali, gusa mdomo wako wa chini. Umehisi kidole? Basi shukuru. Leo tunamkumbuka mama aliyefungwa na mguso huo kwa miaka kumi na tisa.

Alikuwa mpiga picha za meno. Sisi wagonjwa tulimwita Mama Gololi. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Mlango mzito, kiti kimoja, na mashine inayokuzunguka kichwa kama nzi asiyejua atue wapi. Mimi nilifika pale na pengo nililolipata kwa mdomo wangu mwenyewe, na kisa chake nakihifadhi. Akanipa kibao cha plastiki chenye gololi ndogo ya chuma.

"Uma. Na usimeze, mtangazaji. Ukimeza, tutaisubiri wote."

Gololi ya nini? Picha ile hukuza vitu. Gololi ya milimita tano hutokea pichani na milimita sita na robo. Ukijua gololi imekuzwa kiasi gani, unajua na mfupa umekuzwa kiasi gani. Daktari anayepandikiza jino kwa skrubu ndani ya taya lazima ajue mfupa unaishia wapi na mshipa wa fahamu unaanzia wapi. Narudia: picha hukuza, gololi husema kweli. Mama Gololi alipiga hesabu hiyo mwenyewe, akaandika kipimo halisi pembeni ya picha. Daktari aliuamini mwandiko wake kama saa ya ukutani.

Siku moja akaja mdogo wake wa kike.

"Dada, mimi leo sing'ati chuma?"

"Wewe? Taya lako nalijua tangu halijaota meno. Kaa hapo, foleni ndefu."

Undugu, wasikilizaji. Mgeni angewekewa gololi. Pichani mfupa ulisoma milimita kumi na tano. Akaandika kumi na tano. Ulikuwa na kumi na mbili. Daktari akaweka skrubu ya kumi na tatu, ikaugusa mshipa wa fahamu.

Skrubu ilitolewa. Ganzi haikutoka. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, hadi kidevuni: kimya.

Mama Gololi hakufukuzwa. Angefukuzwa, pengine angepumzika. Alipewa cheo chenye meza na dirisha, akakataa. Umri wa kustaafu ukafika, akaomba mkataba. "Nikitoka, nani ataweka gololi?"

Mdogo wake ameniambia hivi: "Nilimsamehe wiki ile ile. Nikamwambia, dada, mdomo ni wangu, nimesema yameisha. Akanijibu, 'Yameisha kwako.' Basi akanifunga na mimi. Sikuweza kucheka mbele yake. Nikicheka tu, macho yake yako mdomoni kwangu."

Mwaka jana jino la chini la kulia la mdogo wake likang'oka. Mdogo mtu akaenda kukaa kwenye kiti kile makusudi. Dada aliweka gololi mbili. Akapima mara tatu. Jino likakaa vizuri, na mdomo ukabaki mzima.

"Nikamwambia, haya dada, deni limekwisha, toka humo. Akacheka kweli, mara ya kwanza. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni, funguo mkononi."

Mama Gololi amefariki Jumapili iliyopita, mchana, akipiga pasi koti lake jeupe la Jumatatu.

Baada ya mazishi, mdogo wake alipewa chai. Akanywa, akaongea na watu, nao wakawa wanatazama chini. Aliporudi ndani kwenye kioo akaona chai imetiririka mpaka kwenye kola.

"Kwa miaka yote ile sikuwahi kuaibika. Tukila, yeye aligusa kidevu chake mwenyewe, hivi, kama anajikuna. Nami najifuta. Hakuna mwingine aliyejua."

Kwa mdogo wake, kwa watoto na wajukuu, pole sana kutoka studio hii. Apumzike nje ya chumba kile.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu uliyemsamehe, kamwambie tena, huenda mara ya kwanza haikumfikia. Na ukikutana na mama mwenye chai kidevuni, usitazame chini. Mtazame usoni, kisha uguse kidevu chako.