Fundi Ndolo na Plastiki Iliyosikia Moyo

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yenu iko mbali, isogezeni karibu. Leo tunamkumbuka mtu aliyependa kusikia vizuri. Ni Fundi Ndolo Mutunga wa Kaloleni, aliyetuacha Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na minne.

Fundi Ndolo alitengeneza mashine za hospitali katika karakana moja ya Industrial Area. Baba yake alikuwa mchonga vinyago. Ndolo naye hakuachana na kisu cha kuchongea. Hata siku ya harusi kilikuwa mfukoni.

Turudi nyuma miaka mitano hivi, mwaka 1993. Kliniki ya mtaani ilikuwa na chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Siku moja kikaanguka kwenye saruji. Kigae kigumu cha ndani, ambacho ndicho kinachosikia, kikapasuka. Chombo kikanyamaza.

Jirani wa Fundi Ndolo, Wacuka, alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimba mbili za kwanza ziliharibika mwezi huo huo wa nne. Safari hii hakuwa amefuma hata soksi moja. "Niliogopa kufurahi," ameniambia. Alitaka jambo moja tu, kuusikia moyo wa mtoto wake. Sista Khalayi wa kliniki alijaribu kwa kile chombo chake cha mbao, cha kutegea sikio tumboni. Mimba ilikuwa changa mno, hakusikia kitu.

Basi, Fundi Ndolo alikuwa na kipande cha plastiki, alichotumiwa kwa bahasha na rafiki aliyesoma ng'ambo. Kilikuwa chembamba kama karatasi ya peremende. Lakini si plastiki ya kawaida, wasikilizaji. Ukiipa umeme, inatikisika na kutoa sauti ambayo masikio yetu hayaipati. Sauti ikigonga kitu na kurudi, plastiki hiyo hiyo inaigeuza kuwa umeme tena. Inasema, na inasikia. Tena haipasuki, inakunjika.

Akaiacha mezani, akaenda mazoezi ya kwaya. Mkewe, Bi. Ndete, akaiona ina mikunjo. Akatia makaa kwenye pasi.

Plastiki hiyo haiwezi joto, wasikilizaji. Ikipata joto kali inakuwa kiziwi, na haiponi.

"Mama Wanza, umepiga pasi sikio!" Fundi akamwambia mkewe aliporudi.

"Sikio gani limekunjamana hivyo, Baba Wanza? Nilidhani ni kitambaa cha meza."

Bi. Ndete anasema mumewe alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akapapasa mfuko wa shati. Kulikuwa na kipande alichokata mapema ili akijaribu. Kilikuwa kikubwa kama stempu, basi.

Alikikata vipande viwili. Nusu ya kusema, nusu ya kusikia. Akachonga kishikio cha mti, akaikunjia plastiki juu yake. Nyaya za kile chombo cha kliniki hakuzichomea, alizibana tu kwenye plastiki, kwa kuogopa joto. Akajaribu kwenye beseni la maji. Kesho yake yeye, Bi. Ndete na Wacuka wakaenda kliniki.

Kwanza kukawa na mkwaruzo. Sista Khalayi akasogeza mkono kidogo. Mara, tiki-tiki-tiki-tiki.

"Mbona anakimbia hivyo?" Wacuka akauliza.

"Wote hukimbia, mama. Huyu ni mzima."

Fundi Ndolo, nyuma ya pazia, akapaza sauti: "Mama Wanza, hiyo ni stempu tu! Ile uliyopiga pasi ingesikia mtaa mzima!"

Wacuka alicheka huku analia. Jioni hiyo akanunua uzi wa soksi.

Mtoto alizaliwa salama. Anaitwa Jacky, na mwaka huu ametimiza miaka mitano.

Bi. Ndete, wewe na Wanza na ukoo wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nimeambiwa ile plastiki kiziwi, yenye alama ya pasi, ndiyo mnayofunikia redio hadi leo. Najua mnatusikia kupitia kwayo.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tufikiri kidogo. Huenda jirani yako naye anaogopa kufurahi. Umeketi naye? Umemsikiliza?

Jacky, mama yako ameniambia mko hapo kwa Bi. Ndete, na umebandika sikio kwenye redio. Babu Ndolo ndiye aliyechonga sikio la kwanza kukusikia.