Nani Kalichemsha Lori la Anania?

Benchi letu liko mbele ya duka la chumvi hapa Tunduma, karibu na kizuizi cha mpaka, na muuza kahawa wake ni mimi. Asubuhi ile ya Juni baridi ilikuwa inauma masikio, lakini mimi nilikuwa nawaka kwa hasira. Lori la Anania lilikuwa limembeba dada yangu Nesta, mwenye uchungu wa kuzaa tangu jana yake, kumpeleka hospitali Mbozi. Hata kilima cha kwanza halikukimaliza. Lilichemka, likarudi kinyumenyume mpaka kwenye benchi, rejeta inafuka mvuke. Debe langu la maji ya kahawa Anania akalimwaga lote humo.

— Mbaya ni feni, — alisema Mvukuto, ambaye babu yake alifua majembe kule Igamba. — Feni ni mivukuto ile ile. Ukiupulizia moto, si unawaka? Kateni huo mkanda unaoizungusha!

— Kata mkanda wa suruali yako! — nilimfokea.

— Feni haichochei moto, mukwai, — alisema Ndola, aliyefanya kazi migodini ng'ambo ya mpaka na kurudi na "mukwai" yao, yaani "bwana". — Injini inachemsha maji. Maji yanakwenda kwenye rejeta, yanapita vibomba vyembamba, feni inavuta upepo wa nje kuyapoza, yanarudi tena injini. Mlimani lori linatambaa, upepo wa njiani hautoshi. Hapo tegemeo ni feni.

— Feni si inazunguka? Mbona yanachemka? — niliuliza.

Ndola alikuna kichwa.

— Labda upepo wa Tanganyika mwepesi. Wa ng'ambo ule una uzito.

— Dawa ya moto ni moto! — alidakia Mvukuto. — Tukoke kuni chini ya injini, joto lipigane na joto mwenzake.

— Taratibu, jamani, — alisema Anania, akipuliza kikombe cha mwisho cha kahawa. — Haraka haraka haina baraka.

— Baraka gani, wewe? Dada yangu anakufa humo nyuma, wewe unakunywa!

Mvukuto alikuwa ameshachomoa kisu, anaufuata mkanda. Nikamkaba shati. Nesta akapiga ukelele ndani ya lori, na sote tukageukia huko.

Mama mmoja mgeni, anatoka Ivuna na mzigo wa chumvi kichwani, alikuwa amesimama anatusikiliza.

— Samahani, baba zangu. Hilo gunia lililofungwa hapo mbele, upepo unapitia wapi?

Tuliinama kulitazama. Lilikuwa gunia la kahawa, limekunjwa mara mbili, limeziba uso wote wa rejeta. Lilifungwa alfajiri ili baridi isiigomeshe injini. Mvukuto na Ndola walimtazama Anania. Anania alinitazama mimi. Fundo lile lilikuwa langu. Nililikaza mwenyewe, kwa ajili ya Nesta.

Nilimnyang'anya Mvukuto kisu nikaikata kamba. Lori lilipopoa, Anania aliliwasha, likapanda kilima bila kuchemka, na kilio cha Nesta kikaenda nalo mpaka upande wa pili wa kilima. Nilibaki nimeshika gunia, na hasira yangu sikuwa na wa kumpa.