Mashine ya Kuonjea Miguu

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi, ubao wake mmoja umepasuka, na mgeni hukalia pale pale. Mwenye birika la kahawa ni mimi. Wananiita Bibi, hata wenye mvi kunizidi. Siku hiyo kitindamimba wangu, fundi cherehani tunayemwita Sindano, alirudi kutoka hospitali na magongo yake, uso unang'aa. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka jana, lori lilipompitia. Kesho yake alitakiwa kuchagua mguu wa bandia, mmoja tu, wa kukaa nao miaka. Marehemu baba yangu alisema, kiatu kikikubana utakivua. Sasa mguu je?

— Haya, tuambie, akaanza Kinyozi, ambaye hanyamazi hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Miguu wameipanga kabatini?

— Hakuna kabati, mjomba. Kuna mguu mmoja wa chuma, una nyaya mpaka kwenye mota. Unauvaa, unatembea. Mtaalamu anabonyeza kompyuta, mguu ule ule unakuwa laini kama godoro. Anabonyeza mara ya tatu, mgumu kama mwiko. Unaiga miguu yote ya dukani. Hujachukua, umeshaonja!

— Mguu mmoja unaigiza wenzake? akauliza Spana, fundi baiskeli. Basi huo mnafiki.

— Mnafiki mwenye akili! Asubuhi moja nimetembelea mitatu.

— Na upi umekukaa?

— Wa pili. Unadunda. Nikikanyaga, unanirudishia nguvu. Mama, nilisahau kama nimekatwa.

Nikajifanya moshi wa mkaa umeniingia machoni.

— Chukua wa tatu, ule mgumu, akasema Spana. Mwenda pole hajikwai, kwa hiyo kimbia.

— Wa kwanza! Kinyozi akaruka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Wewe! Nitakumwagia birika.

— Samahani, Bibi. Ila mashine inayoiga miguu itashindwa kuiga wenye miguu? Mwakani wataweka mguu wa mcheza mpira, Sindano afunge mabao amekaa hapa hapa.

— Mpira nini! akadakia Spana. Wataweka wa mwanajeshi. Mtu amelala, mguu uko gwaride.

— Urudi umepandishwa cheo, mwenyewe bado anapiga pasi!

Tukacheka mpaka benchi likalia. Hapo mama mmoja tusiyemjua akasimama mbele yetu, mkononi sare ya shule imefumuka kwapa mpaka pindo.

— Shikamoo, Bibi. Fundi cherehani yuko wapi?

— Ni mimi, dada. Nikipata mguu tu, narudi kazini.

— Hongera. Nimewasikia mkibishana. Samahani, huo unaodunda, ukikanyagia cherehani utatulia?

Sindano hukanyagia mguu wa kulia. Mwaka mzima tumehubiri kutembea, na mtu mwenyewe riziki yake ni ya kukaa! Hata mimi, niliyemlea chini ya cherehani ya baba yake, sikuwaza.

— Hawakuniuliza, akasema Sindano polepole. Na mimi sikusema.

— Basi mashine haina kosa, nikasema. Inayojua miguu yote hiyo, ipelekee kanyagio ikuonyeshe.

Spana alikuwa ameshainuka kwenda kuazima mkokoteni wa kubebea cherehani. Birika likatoa tone la mwisho, nikampa yule mama, naye akakaa, pale pale palipopasuka.

Sindano akaipokea sare, akaigeuza ndani nje.

— Niachie, dada. Kesho nitaishonea hospitali, kila mguu na mshono wake. Mshono utakaonyooka, mguu huo ndio wangu.