Aliyetufundisha Kusubiri Majibu: Bi. Costancia Masingisa Anastaafu

Tarehe 30 Juni, Bi. Costancia Masingisa anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Mkondoa, hapa Kilosa, kwa miaka thelathini na moja.

Alizaliwa Kidete, binti wa fundi wa reli. Alipoajiriwa alifundisha kupiga chapa. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, alikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuzigusa, kisha akarudi darasani kuzisomea. Tangu hapo maabara ya kompyuta ni yake. Kila mwanafunzi anaijua sheria yake: hata mashine zote zikizimika, shikamoo kwanza, taarifa baadaye.

Sisi wa idara tutamkumbuka zaidi kwa kisa cha Loveth, mwanafunzi kutoka Rudewa. Mwaka jana Loveth alibuni prosesa ndogo, yaani ubongo wa kompyuta, ya kuendeshea pampu za umwagiliaji. Prosesa yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa, hivyo aliipima kwa simuleta, programu inayoiga utendaji wake hatua kwa hatua ndani ya kompyuta ya kawaida. Kuiga huko ni kazi nzito. Jaribio ambalo prosesa halisi ingelimaliza kwa dakika chache, kwenye simuleta lilichukua siku kadhaa. Kabla halijaisha, umeme ulikatika, likaanza upya. Ukakatika tena.

Siku ya kutetea mradi ilipokaribia, mkuu wa idara, Mwalimu Innocent, alimshauri kwa upole abadilishe mada. Loveth alimwendea Bi. Costancia akilia, akamwambia kwamba alikuwa amefikiria kujaza takwimu za kukisia. Bi. Costancia hakumgombeza. Alivuta kiti, akamwomba waangalie pamoja muda ulikuwa unapotelea wapi.

Waligundua kwamba sehemu kubwa iliishia kwenye kuwasha mfumo, jambo ambalo hata halikuwa likipimwa. Wakaipitisha hatua hiyo kwa njia ya haraka isiyo na undani, wakahifadhi hali ilipofikia, kisha wakaiga kwa undani vipande vichache tu vya kazi yenyewe. Umeme ulipokatika, walianzia pale walipohifadhi. Jaribio likaisha kabla ya wiki kwisha.

Majibu hayakuwa mazuri: prosesa ya Loveth ilikuwa na kasi ndogo kuliko ile ya zamani aliyoilinganisha nayo. Binti akanyong'onyea. Bi. Costancia akamwambia, "Mwanangu, juzi ulitaka kubahatisha. Leo unajua. Kaandike unachokijua."

Loveth aliandika hivyo hivyo, pamoja na sababu za kushindwa, na akaeleza wazi kwamba alipima vipande tu. Akafaulu. Sasa ni fundi wa kompyuta kwenye hoteli moja Mikumi, na siku za mapumziko anaichora upya prosesa yake.

Bi. Costancia naye anahamia Ulaya, ile yetu ya Kilosa, kulima ufuta na mumewe, Mzee Makarius.

Mama yetu, asante kwa kutuvumilia sote tuliochelewa kuelewa. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na siku ndefu za furaha.