Unga wa Kuongeza Kinga

Unga wangu wa mizizi haujawahi kumdhuru mtu. Ndivyo ninavyojinadi kila siku pale kituoni. Leo ndani ya basi, dada mmoja kiti cha mbele alikuwa akimnong'oneza muuguzi aliyeketi naye. "Nilimnunulia kaka unga wa kuongeza kinga pale kituoni. Sasa figo aliyopandikizwa inagoma."

"Mdogo wangu, vidonge vyake vinazilaza seli za kinga zisiishambulie figo ngeni. Wewe umeziamsha."

"Na figo yenyewe ni ya mama," alisema, akijifunika uso kwa mtandio.

Nikausukuma mfuko wangu chini ya kiti kwa kisigino, macho dirishani kama mtalii. Basi liliposimama nikainuka kushuka mikono mitupu; kondakta akaniita, "Tabibu, mbona unaacha dawa zako?"

Dada akageuka.